Maji Niliyomwaga Kituo cha Kwanza

Wiki iliyopita nilimaliza kwa kusema kuna jambo nimelificha, na tangu gazeti litoke sijapata amani. Msomaji mmoja ameniandikia kuwa mimi ni mwoga, nikisema ni mwoga, nikinyamaza ni mwoga vilevile. Mwingine anauliza kama mke wangu huzisoma habari hizi. Huzisoma, dada yangu. Huzisoma kwa sauti, mezani, na mimi nimekaa palepale na kijiko mkononi.

Kwa waliochelewa, mimi ni Len Hruska. Kwa miaka thelathini na moja nimeutunza uwanja wa besiboli wa Harnell, mji wetu mdogo huku kaskazini mwa Pennsylvania. Timu yetu, Nungunungu, ilikuwa ikilea vijana wa klabu moja kubwa ya ligi kuu. Klabu mama ndiyo iliyotuletea wachezaji na kuwalipa. Sisi kazi yetu ilikuwa uwanja, vitanda na kelele za kushangilia. Kijana akiiva anachukuliwa, na siku ukimwona kwenye televisheni unawaambia watu kuwa yule alikuwa akimaliza maziwa nyumbani kwako.

Halafu ikaja habari kwamba klabu kubwa zimekubaliana kupunguza timu hizi ndogo, arobaini na ushee zikatwe. Jumatatu moja ya mwezi wa kumi ikafika barua yetu. Ilisema uwanja wa Harnell unatuama maji, kuna mchezaji wao ameumia goti hapo, na mkaguzi angekuja Jumamosi kabla ya neno la mwisho.

Mji mzima ukaanza kuyalaani mabomba ya kutoa maji chini ya uwanja. Ni ya zamani, yamechoka, halmashauri haijayagusa tangu enzi za babu. Kila mtu alikuwa na la kusema kuhusu mabomba.

Mabomba hayakuwa na kosa. Yale maji niliyamwaga mimi.

Haya, nimesema. Sasa nisikilizeni kabla hamjanihukumu, ingawa najua mmeshaanza.

Mwezi wa nane tulikuwa tunacheza na Weller, mji wa jirani, watu wenye maringo yasiyo na sababu. Walikuwa na kijana mmoja mwembamba mwenye mbio za ajabu. Jana yake alikuwa ametuibia vituo vinne, zile pembe ambazo mchezaji huzikimbilia. Akishafika kituo cha kwanza anamvizia mrushaji wetu, na mrushaji akiinua mguu tu, yeye huyoo, yuko cha pili anajipangusa vumbi. Mashabiki wa Weller wakawa wananishukuru mimi kwa jina, eti Mzee Len asante kwa kututengenezea barabara. Waliniudhi sana.

Kila mtunza uwanja ana dawa ya mtu kama huyo, na atakayewaambia hana ni mwongo. Mimi nilifundishwa na baba, aliyeutunza uwanja huu kabla yangu. Unaamka mapema, unachukua mpira wa kumwagilia, unalowesha udongo pale mwizi anapoanzia mbio zake, hatua tatu nne kutoka kituo cha kwanza kwenda cha pili. Unalowesha mpaka udongo unashiba. Kisha unaliacha jua lifanye kazi yake, na kabla ya mchezo unapitisha reki na kunyunyizia vumbi kavu juu. Ukitazama, pakavu. Chini yake ni uji.

Mwizi akianza kukimbia, mguu unazama kidogo, anachelewa, anadakwa. Haumii, maana anaanza akiwa amesimama. Baba alifanya hivyo miaka ishirini na hakuna hata kifundo cha mguu kilichoteguka.

Basi siku ile nikamwaga. Na yule mwembamba wa Weller alipiga mara nne, akatolewa mara nne, hakufika hata hicho kituo cha kwanza. Kazi yangu yote ya asubuhi ikawa bure.

Aliyefika ni Lito.

Lito ni Joselito Peguero, kijana wa Jamhuri ya Dominika, miaka ishirini, mdakaji wetu. Alikuwa akiishi nyumbani kwangu. Hapa kwetu kila kiangazi nyumba zenye chumba cha ziada huwachukua wachezaji, mmoja mmoja au wawili wawili, na sisi mwaka ule tulipewa yeye. Mke wangu Arlene alimpenda tangu sahani ya pili ya pierogi, vile vitumbua vyake vya viazi. Mimi alinipa jina la Papa Len, na sikumkatalia.

Sasa, wadakaji hawakimbii. Wanachuchumaa nyuma ya mpigaji mchezo mzima, magoti yao yanazeeka kabla yao, na Lito alikuwa mzito hata kwa mdakaji. Msimu wote sikumwona akikimbia ila siku moja tu nyuki walipoingia kwenye benchi letu. Kwa hiyo sikumwambia kitu. Nilimwona asubuhi, nikamwuliza kama amekula, basi.

Nilichokuwa sijui ni kwamba siku hiyo jukwaani alikuwepo Bwana Thayer, mkaguzi wa klabu mama, na daftari lake. Lito alikuwa anajua. Akaupiga mpira vizuri, ukaenda mbali, na kila mtu alijua atatembea hadi kituo cha kwanza asimame pale kama kawaida yake. Hakusimama. Alikata kona kwa kasi yote aliyopewa na Mungu aende cha pili, ili yule bwana aandike kwamba Peguero naye ana mbio.

Mguu wa kulia ukaingia kwenye uji wangu. Mguu ukabaki, mwili ukaenda. Nilikuwa nimesimama kando na reki, na mlio wa lile goti niliusikia kutoka pale.

Alipasuliwa, akapewa magongo, na akakataa kurudi kwao mama yake amwone hivyo. Akabaki nyumbani kwetu. Kila asubuhi anashuka ngazi akihesabu kwa Kihispania, na kila asubuhi mimi nakunywa kahawa nikimsikiliza. Mkataba wake, klabu walisema watautazama goti likipona.

Sasa mnaelewa kwa nini barua ile ilinikausha mate.

Jumanne nikaamua kumwambia Arlene. Alikuwa jikoni anasukuma unga. Nikaanza mbali, nikasema unajua, mke wangu, lile suala la maji, nadhani watu wanakosea. Hakuniacha nifike. Alisema yeyote aliyejua pale pana maji na akamwacha mtoto wa watu akimbie, awe wa halmashauri au awe nani, yeye hawezi kukaa naye chini ya paa moja. Akaendelea kusukuma unga. Nikamwuliza kama tuna vitunguu.

Jumatano nikaenda kwa Gwen Pasternak, meneja wetu. Gwen ni mwanamke wa miaka hamsini na tano ambaye hajawahi kupumzika. Yeye huuza tiketi, hupika soseji wapishi wasipokuja, na mwaka juzi mvulana wa kuvaa lile vazi la nungunungu alipougua, alilivaa mwenyewe akacheza dansi na watoto. Nilimkuta na ramani kuukuu ya mabomba ya uwanja, imetandazwa juu ya meza, karanga zimeshikilia pembe nne.

Alisema amepata dawa. Jumamosi alfajiri mji mzima utafika na mabeleshi, watachimba kufuata ramani, watalipata bomba lililooza, watalibadilisha, na Bwana Thayer akifika saa sita mchana atakuta watu waliotengeneza uwanja wao kwa mikono yao. Nani atawakata watu kama hao?

Nikamwambia asichimbe. Zile ni nyasi za miaka thelathini na moja. Ukizikata mwezi wa kumi zinaweza zisishike tena, maana barafu iko mlangoni.

"Najua unazipenda, Len," akasema. "Lakini afadhali kosa liwe la bomba. Bomba linatengenezeka."

Nikafungua mdomo. Wallahi nilifungua mdomo. Naye akanishika mkono, akasema katika fujo yote hii mimi ndiye mtu pekee ambaye hajawahi kumwongopea. Mtu akishakuambia hivyo, unaanzia wapi? Nikaufunga mdomo nikala karanga moja, na ile pembe ya ramani ikajikunja.

Habari ikazagaa kwamba Len analilia nyasi zake. Pale kwenye mgahawa walinikalisha kitako. Chet Yablonski, fundi bomba mstaafu na rafiki yangu tangu shule, akanipa pole mbele za watu, akauliza mazishi ni lini na kama familia inapokea maua. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Jumamosi asubuhi nikamchukua Lito kwenye gari, alitaka kuja kutazama. Tulipokaribia geti akaniuliza, taratibu tu:

"Papa Len, leo watakuta nini kule chini?"

"Bomba," nikasema.

"Aha," akasema.

Nikamsaidia mpaka kwenye benchi la wachezaji, akakaa, akalaza magongo yake pembeni. Sikumtazama usoni.

Walikuja watu arobaini. Walikuja walimu, kasisi, wazee wa mgodini, dada wa saluni na wafanyakazi wake wote watatu. Watu ambao kwa mwaka mzima huwezi kuwapata wakupe saa moja walifika kabla jua halijachomoza, na mabeleshi yao wenyewe. Arlene akaleta chupa za kahawa. Gwen akapanda juu ya ndoo, akasoma ramani, akanyoosha kidole pale kituo cha kwanza.

Wakaanza kuchimba.

Mimi ni mtu mzima na nimezika wazazi wote wawili. Nawaambia kwamba kusimama pale kutazama watu wema wakiukata uwanja wangu vipande, wakitafuta kitu ambacho najua hakipo, kuliniuma kwa namna nyingine kabisa. Huwezi hata kukasirika. Utamkasirikia nani, kasisi? Kila mmoja akipita ananipiga begani, ananiambia jipe moyo Len, tutalipata.

Saa mbili wakalifikia bomba la kutoa maji. Zima. Gwen akasema endeleeni kulifuata. Wakaendelea kuelekea kituo cha pili. Zima. Wakarudi nyuma kuelekea mahali anaposimama mpigaji, wakakata kona nzima ya nyasi. Bomba kavu kabisa, unaweza kulala ndani yake. Gwen alikuwa ameanza kukunja uso, na watu kunong'ona.

Nikasema sasa basi. Nikashuka shimoni, nikaweka beleshi chini, nikamwita Gwen. Nilikuwa na maneno yote tayari. Nilisema, Gwen, acheni kuchimba, njoo nikuambie kitu.

Palepale Chet akapiga beleshi lake upande wa kushoto na maji yakaruka juu mpaka kwenye kofia yake.

Watu walipiga kelele za furaha kama vile tumeshinda ubingwa. Wakakumbatiana. Dada wa saluni akambusu kasisi shavuni. Gwen akakaa chini kwenye tope akalia, akisema nilijua, nilijua ni bomba.

Halikuwa hata bomba la kutoa maji. Lilikuwa lile la kuleta maji, ndilo ninalochomekea mpira wangu wa kumwagilia, na lilikuwa zima mpaka Chet alipolipasua. Niliona kwa macho yangu ncha ya beleshi ikiingia. Chet naye aliona. Tukatazamana, maji yakimchuruzika masikioni.

"Lilikuwa limepasuka tayari," akasema kwa sauti ya chini. "Au siyo, Len?"

Miaka arobaini amefanya kazi ya mabomba. Aliogopa watu wasije wakamcheka yeye. Na mimi, badala ya kumwambia ukweli, nilihisi mzigo umenitoka mgongoni. Kumbe Mungu anaweza kukuletea bomba bovu siku unayolihitaji. Nikasema ndiyo, limepasuka. Siku nyingi.

Nikageuka kwenye benchi. Lito alikuwa ananitazama. Hakuwa amepiga kelele na wenzake.

Chet alifunga maji, tukaanza kuweka viraka. Saa sita kasoro robo Bwana Thayer akaingia getini na koti lake la kijivu. Ni mtu mrefu, mpole, anayeonekana amechoka na kazi yake. Gwen akamkimbilia na tope mpaka kwenye nywele. Akamwonyesha shimo, akamwonyesha bomba, akamweleza kwamba tatizo limepatikana, wiki mbili tu na uwanja utakuwa mkavu kuliko jangwa.

Thayer alitazama lile handaki kwa muda mrefu. Lilianzia karibu na pale pa mpigaji likafika kituo cha pili, na kona yake ilikuwa imekwenda na nyasi zote.

"Mama," akasema, "nani aliwaambia mchimbe?"

Gwen akasema barua yenu ndiyo iliyosema habari za maji.

Thayer akavua miwani. Akasema orodha ya timu za kukatwa iliandikwa mwezi wa tatu. Harnell ilikuwemo tangu siku ya kwanza, kwa sababu ya umbali na vyumba vya kubadilishia nguo na mambo ambayo hata mabeleshi elfu yasingeyaondoa. Goti la Peguero lilikuja miezi mitano baadaye. Gwen akamwuliza kwa nini basi waliandika habari za maji. Akajibu kwamba wanasheria hupenda kuwe na sababu, na kwamba yeye binafsi anaona haya.

Watu arobaini wameshika mabeleshi, na hakuna hata mmoja aliyejua ayapeleke wapi.

Mimi je? Nitawaambia ukweli, maana ndiyo kazi ya safu hii. Kitu cha kwanza nilichohisi ni nafuu. Sikuiua timu. Ilikuwa maiti tangu Machi. Miezi miwili nimelala na hatia ambayo haikuwa yangu, angalau nusu yake. Nilitaka kukaa chini nicheke.

Nafuu ile ilidumu dakika moja. Thayer hakuwa amemaliza.

Alisema hakuweza kuja mikono mitupu. Ana rafiki, Bwana Ostrander, anayeendesha ligi ya kiangazi ya wanafunzi wa vyuo. Si ligi ya klabu kubwa, lakini ni besiboli, ina mashabiki, na inahitaji mji mmoja zaidi mwakani. Thayer ameipigia debe Harnell mwezi mzima. Ostrander yuko pale mgahawani muda huu anakula pai, atafika saa nane kuuona uwanja. Ligi yake haina mafundi wa kutuma huku na huku. Kila mji unamtegemea mtunza uwanja wake, kwa hiyo Ostrander akifika mahali humtafuta huyo kwanza, na asipomwamini anaondoka.

"Nilimwambia nyasi zenu ndizo bora kuliko zote nilizokagua," Thayer akasema. Kisha akalitazama tena lile handaki, akavaa miwani yake.

Hapo ndipo nilipoelewa. Maji yangu hayakutuua. Kilichokuwa kinatuua ni mdomo wangu. Ningesema Jumatatu, nani angechimba? Ningesema Jumanne pale jikoni, Jumatano pale kwenye karanga, hata leo saa moja asubuhi, huyu bwana wa pai angekuta zulia la kijani na mji ungekuwa na timu kabla ya chakula cha jioni. Nilijichukia, nawaambia. Nilitaka mtu anitukane ili nipate kumjibu.

Gwen akafuta uso kwa mkono wa koti. Akanijia akaniuliza kama nyasi zinaweza kurudi. Nikapiga hesabu. Vipande vilivyokatwa vilikuwa bado hai, nilivipanga mwenyewe kivulini na kuvifunika magunia yenye unyevu. Nikamwambia kama nikianza leo, na barafu ikinipa wiki tatu, mwezi wa tano hakuna atakayejua palichimbwa. Akauliza, yupo mtu mwingine anayeweza? Nikamwambia hayupo. Haikuwa majivuno, ni kweli hayupo.

"Basi tumepona," akasema. Akawageukia watu, akawaambia wasiondoke.

Na Ostrander hakungoja saa nane. Saa saba kasoro kidogo gari jeupe likaingia, akashuka mzee mfupi mwenye kofia ya majani, makombo ya pai bado kifuani. Hakumsalimia mtu. Alitembea mpaka ukingo wa shimo, akachuchumaa kwa tabu, akachukua kipande cha nyasi kutoka chini ya gunia, akakigeuza akatazama mizizi. Akakibonyeza kwa kidole gumba. Akakirudisha taratibu na kukifunika vizuri, na mimi nikajua huyu mtu anaijua kazi.

"Nani anayeutunza uwanja huu?" akauliza.

Gwen akanishika mkono wa shati, akanivuta mbele. Mbele ya kasisi, mbele ya Chet, mbele ya Arlene aliyekuwa na chupa ya kahawa, akasema jina langu lote. Akasema miaka thelathini na moja, na baba yake kabla yake. Akasema mji huu umeongopewa na kila mtu mwaka huu, wenye vyeo na wanasheria wao, lakini huyu hapa hajawahi kutuficha kitu hata siku moja.

Ostrander akanitazama juu mpaka chini. Akauliza ilikuwaje mpaka wakachimba. Gwen akamwambia ni bomba. Chet akakohoa. Ostrander akasema anataka kusikia kwa mtunza uwanja mwenyewe, kisha akanyoosha mkono wake wenye makombo.

Nikaunyoosha na wangu.

Nyuma yangu nikasikia magongo yakigonga sakafu ya kibanda cha benchi. Gongo, mguu, gongo, mguu. Kila mtu akageuka ila mimi. Akaja mpaka ukingoni mwa nyasi na kusimama pale, hatua tatu nne kutoka kituo cha kwanza, mahali palepale alipoangukia.

"Nilikuwa kwenye dirisha la chumba cha kubadilishia nguo asubuhi ile, Papa Len, nikakuona na mpira wa maji, ila sikuelewa mpaka mguu ulipozama," Lito akasema. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Nimekungoja miezi miwili. Kabla hujampa mkono, mwambie habari ya maji."

Mkono wa Ostrander ukabaki hewani. Wangu pia.

Nilihisi vidole vya Gwen vikilegea, kimoja kimoja, kwenye shati langu. Aliuliza kwa sauti ndogo sana, sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja.

"Maji gani, Len?"